Patisheni za Mfumo Zilizofichwa: Ipi Iachwe, Ipi Ipanuliwe na Ipi Inaweza Kufutwa

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza chombo cha Windows cha kusimamia diski hushangaa kuona kwamba diski aliyoijua kwa herufi C peke yake imegawanywa vipande vinne au vitano, vingine vikiwa havina herufi, havifunguki vikibofywa, wala havionekani mahali anapofungulia faili zake kila siku. Mara moja huuliza kama vipande hivyo vinamlia nafasi na kama anaweza kuvifuta. Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu patisheni hizo, ingawa zote huitwa za mfumo na zote hufichwa, hazifanyi kazi moja: iko ambayo ikiondolewa kompyuta haiwaki tena, iko ambayo ikiondolewa hakuna atakayegundua, na iko ambayo mwenye kompyuta ndiye anayepaswa kuamua kwa kupima anachokipata na anachokipoteza. Ulinganisho huu unahusu hasa kompyuta za Windows, kwa kuwa huko ndiko watu hushawishika zaidi kufuta.

Nafasi inayotafutwa iko wapi

Ni vyema kwanza kuondoa lawama isiyostahili. Diski iliyouzwa kama ya gigabaiti 500 huonekana ndani ya Windows kuwa na gigabaiti 465 hivi, na wengi huamini kwamba tofauti hiyo ya 35 imefichwa katika patisheni za mfumo. Ukweli ni kwamba mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,073,741,824. Ni diski ileile iliyopimwa kwa vipimo viwili, na hakuna patisheni ya kufuta itakayorudisha tofauti hiyo.

Patisheni zenyewe ni ndogo. Windows 11 ikisakinishwa upya juu ya diski tupu hutengeneza patisheni ya EFI ya megabaiti 100, patisheni ya akiba ya Microsoft ya megabaiti 16, patisheni kuu ambayo ndiyo C, na patisheni ya uokoaji ya megabaiti mia kadhaa. Zile tatu zilizofichwa kwa kawaida hazifikishi gigabaiti moja kwa pamoja. Hali hubadilika kwenye kompyuta iliyonunuliwa ikiwa na Windows tayari, kwani watengenezaji wengi huongeza patisheni yao ya kurejesha kompyuta katika hali iliyotoka nayo kiwandani, na hiyo huweza kuchukua gigabaiti 10, 20 au zaidi. Kwa hiyo anayetafuta nafasi ana mtuhumiwa mmoja tu wa kweli, na hizo nyingine zinapaswa kupimwa kwa kazi yake wala si kwa ukubwa wake.

Kufichwa kwenyewe hakuna siri yoyote ndani yake. Kila patisheni katika jedwali la GPT, yaani orodha ya patisheni inayotumiwa na diski za kisasa, hubeba msimbo wa aina unaoueleza mfumo kwamba hii ni ya nini: wa patisheni ya EFI huanza na C12A7328, na wa patisheni ya uokoaji huanza na DE94BBA4. Windows ikiona misimbo hiyo haiipi patisheni herufi, na bila herufi mtumiaji hana mlango wa kuingilia. Patisheni ya akiba ya Microsoft imefichwa zaidi ya wenzake, kwa sababu hata chombo cha kawaida cha kusimamia diski hakiionyeshi. Huonekana tu katika diskpart, chombo cha Windows cha kusimamia diski kwa amri za kuandika, kwa kuandika amri ya list partition baada ya kuchagua diski. Ndiyo maana mtu huhesabu patisheni tatu huku, akahesabu nne kule, akadhani kuna kitu kimeingia kwa wizi.

Patisheni ya EFI na ile iliyoitangulia

Patisheni ya EFI na ile ya zamani iliyohifadhiwa kwa ajili ya mfumo ni ndugu wa vizazi viwili. Zote hubeba faili zinazoanzisha Windows kabla Windows yenyewe haijaamka, lakini njia ya kuzifikia ni tofauti. Kompyuta ya BIOS, yaani programu dhibiti ya zamani, yenye jedwali la MBR lililoitangulia GPT, husoma sekta ya kwanza ya diski, ikaelekezwa kwenye patisheni iliyotiwa alama ya kuwa hai, na humo ikaikuta programu ya kuanzishia mfumo. Windows 7 iliitengea kazi hiyo patisheni ya megabaiti 100, na Windows 8 ikaifikisha 350. Kompyuta ya UEFI, mrithi wa BIOS, haihitaji kuongozwa na sekta ya kwanza kwa namna hiyo, kwani programu dhibiti iliyo kwenye ubao mama inaweza yenyewe kusoma mfumo wa faili wa FAT32, ikaingia katika folda ya EFI na kuita faili inayohusika.

Tofauti inayomgusa anayetaka kuchagua ni hii: ile ya zamani inaweza kuepukwa, ya EFI haiwezi. Katika mfumo wa MBR inawezekana kuweka faili za kuanzishia ndani ya C na kuishi na patisheni moja tu, ila kwa gharama ya kuikosa BitLocker, huduma ya Windows ya kusimba diski, kwa sababu usimbaji fiche wa C nzima unahitaji mahali pa kuanzia ambapo hapajasimbwa. Kwa upande wa UEFI, Windows iliyo kwenye diski ya ndani haina pa kuanzia bila patisheni ya EFI. Anayeifuta hubaki na C nzima, picha zake zote na kazi zake zote zikiwa salama, na kompyuta isiyojua zilipo.

Kwa wenye mifumo miwili, hoja ni nzito zaidi. Windows na Linux zikikaa kwenye diski moja hushirikiana patisheni moja ya EFI, kila mmoja akiwa na folda yake. Anayeiondoa Linux baadaye anapaswa kufuta folda ya Linux peke yake ndani ya patisheni hiyo, na kamwe asiifute patisheni nzima kwa kuwa eti ilikuwa ya GRUB, programu inayoanzisha Linux.

Kosa ambalo huwanasa hata mafundi hutokea penye diski mbili. Mtu ananunua diski ya SSD, anaiweka kando ya diski ya zamani, kisha anasakinisha Windows juu ya ile mpya. Kisakinishi kikikuta tayari kuna patisheni ya EFI kwenye diski ya zamani, huitumia hiyohiyo badala ya kutengeneza nyingine. Kila kitu kinafanya kazi kwa miezi, mpaka siku mwenyewe anapoichomoa au kuifuta diski ya zamani aliyodhani haina kazi, na kompyuta ikakataa kuwaka. Hapo chaguo ni mawili. La kuzuia ni kuchomoa diski nyingine zote kabla ya kusakinisha, na ndilo ninalolipendelea kwa sababu halihitaji ujuzi wowote. La kutibu ni kuwasha kompyuta kwa flashi ya usakinishaji, kupunguza C kidogo, kutengeneza patisheni mpya ya EFI yenye FAT32, kuipa herufi ya muda kama S, kisha kuandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI, amri inayoweka humo faili za kuanzishia, baada ya kuhakikisha kwamba C inayotajwa ndiyo kweli yenye Windows, maana herufi hubadilika mtu akiingilia kwenye flashi.

Kuhusu ukubwa, megabaiti 100 zinatosha kwa Windows moja kwenye diski ya kawaida. Kwenye diski zenye sekta asilia za kilobaiti 4, Microsoft inaelekeza angalau megabaiti 260, na sababu ni ya kihesabu: FAT32 inahitaji klasta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia faili, zisizopungua 65,525, na kila klasta ikiwa kilobaiti 4 jumla huvuka megabaiti 255. Anayetarajia kuweka Linux pembeni atengeneze kubwa zaidi tangu mwanzo, kwa kuwa kuipanua baadaye kunazuiwa na patisheni zilizopangwa nyuma yake. Patisheni hiyo ikijaa, uboreshaji wa Windows kwenda toleo jipya hugoma kwa ujumbe kwamba patisheni iliyohifadhiwa kwa mfumo haikuweza kusasishwa, na dawa inayotolewa na Microsoft ni kufuta faili za fonti zilizo ndani yake, wala si patisheni.

Patisheni ya akiba ya Microsoft

Hii haihitaji maneno mengi. Haina mfumo wa faili na haina faili unazoweza kuzifungua. Ilibuniwa kwa sababu kwenye diski za MBR programu zilizoea kuficha taarifa zao katika sekta zisizo mali ya patisheni yoyote, jambo ambalo GPT hailiruhusu, hivyo Microsoft ikatenga kipande ambacho kinaweza kumegwa pale ambapo, kwa mfano, diski ya kawaida inabadilishwa kuwa diski ya aina ya dainamiki. Ilikuwa megabaiti 128 kwenye diski kubwa katika matoleo ya awali, na tangu Windows 10 ni 16. Ukiifuta, Windows kwa kawaida huendelea kuwaka kama jana, nawe umepata nafasi ya picha chache tu. Si hatari sana kuifuta. Haina tu faida ya kukufanya usumbuke.

Patisheni ya uokoaji: mahali inapokaa

Patisheni ya uokoaji ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwa sababu jina lake huwafanya watu waichanganye na ile ya mtengenezaji. Hii ya Windows haibebi nakala ya Windows nzima. Inabeba faili iitwayo winre.wim, ambayo ni mfumo mdogo unaojitegemea, wenye zana za kurekebisha uanzishaji, kuondoa sasisho lililoleta hitilafu, kufungua dirisha la amri, na kuianzisha kazi ya kuiweka Windows upya. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili mfululizo, mfumo huu mdogo huitwa wenyewe. Ungeweza kukaa ndani ya C, na kuna kompyuta ambamo unakaa humo, lakini Microsoft inapendekeza patisheni ya pekee ili uweze kuitwa hata pale C inapokuwa imesimbwa kwa BitLocker.

Jambo la kulinganisha hapa ni mahali patisheni hii ilipo kwenye diski. Visakinishi vya zamani vya Windows 10 viliiweka mwanzoni, kabla ya C. Kuanzia toleo la 2004, lililotoka mwaka 2020, huwekwa mara tu baada ya C. Ikiwa mwanzoni, C iko huru kupanuka kuelekea mwisho wa diski, ila patisheni yenyewe haiwezi kuongezwa, kwa kuwa mbele yake imezibwa. Sasisho kubwa likihitaji nafasi zaidi, Windows humega kipande cha C na kutengeneza patisheni mpya ya uokoaji, huku ile ya zamani ikiachwa bila kazi. Hivyo ndivyo kompyuta moja hupata patisheni mbili au tatu za uokoaji. Ikiwa nyuma ya C, mfumo unaweza kuipunguza C na kuiongeza patisheni ya uokoaji bila kuacha mayatima, lakini mtu aliyenakili diski yake ya gigabaiti 256 kwenda kwenye ya terabaiti 1 hukuta kwamba patisheni hiyo ndogo imesimama katikati ya C na nafasi isiyogawiwa, na kitufe cha kupanua C hakibofyeki.

Mimi nachagua ya nyuma bila kusita, na kilichotokea Januari 2024 kinaonyesha sababu. Mwezi huo Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10 lenye namba KB5034441, lililolenga kuziba udhaifu katika mazingira ya uokoaji ambao ungeweza kumwezesha mtu aliyeishika kompyuta mkononi kuikwepa BitLocker. Kwenye kompyuta nyingi sasisho liligoma kwa kosa 0x80070643, si kwa ubovu wa kompyuta, bali kwa sababu patisheni ya uokoaji ilikuwa ndogo kuliko faili mpya. Microsoft ikatoa maelekezo ya kuiongeza kwa megabaiti 250. Waliokuwa nayo nyuma ya C waliweza kuyafuata maelekezo hayo, nao wasiokuwa nayo kabisa, kwa kuwa waliifuta ili kuokoa nusu ya gigabaiti, walikuwa pia wamejinyima zana za uokoaji bila kujua.

Anayetaka kuihamisha hadi mwisho wa diski ili apanue C ana njia mbili. Ya kwanza ni kutumia programu ya kugawanya diski kama GParted, ambayo huisukuma patisheni ilivyo. Ni rahisi kwa macho, ila haifai kuigusa C iliyosimbwa kabla ya kuifungua usimbaji. Ya pili ni kuifuta na kuiunda upya kwa zana za Windows zenyewe: kuandika reagentc /disable, ambayo huirudisha winre.wim ndani ya C, kuifuta patisheni kwa diskpart kwa amri ya delete partition override, kupanua C huku ukiacha takriban gigabaiti moja mwishoni, kutengeneza patisheni mpya yenye msimbo wa uokoaji, kisha kuandika reagentc /enable. Njia ya pili ni ndefu lakini kila hatua yake inaeleweka na inaweza kuhakikiwa. Hatua ya kwanza ndiyo isiyosahaulika, kwani anayeifuta patisheni kabla ya reagentc /disable huifuta pamoja na winre.wim, na itambidi aichomoe faili hiyo kutoka kwenye nakala ya usakinishaji ya Windows.

Patisheni ya mtengenezaji

Sasa tumefika kwenye ile yenye uzito wa nafasi. Ndani yake mna nakala ya Windows kama ilivyokuwa siku kompyuta ilipofungashwa, pamoja na viendeshi vya vifaa vyake na programu ambazo mtengenezaji aliamua kukupa, uzipende usizipende. Baadhi ya watengenezaji huipa msimbo uleule wa DE94BBA4, na kwa sababu hiyo chombo cha kusimamia diski huzitaja hizi mbili kwa jina moja. Ukubwa ndio unaozitenganisha: yenye megabaiti mia kadhaa ni ya Windows, yenye gigabaiti nyingi ni ya mtengenezaji.

Zamani kuifuta hii ilikuwa hasara kubwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa njia pekee ya wengi kurudisha Windows. Tangu Windows 10, kuiweka Windows upya hutumia faili za mfumo zilizomo ndani ya C, na tangu mwaka 2020 kuna chaguo la pili la kupakua faili mpya kutoka kwenye seva za Microsoft, kazi inayoweza kula zaidi ya gigabaiti 4 za intaneti. Juu ya hayo kuna flashi ya usakinishaji, inayohitaji gigabaiti 8 angalau. Leseni nayo haimo kwenye patisheni hiyo, kwani kwa kompyuta zilizouzwa na Windows 8 au za baadaye ufunguo wa leseni huhifadhiwa kwenye ubao mama, na Windows ya toleo linalolingana huusoma yenyewe.

Zikiwekwa bega kwa bega, patisheni ya mtengenezaji inazishinda njia nyingine katika mambo mawili tu: haihitaji intaneti, na inarudisha viendeshi vyote pamoja, jambo lenye thamani kwenye kompyuta yenye vifaa visivyo vya kawaida ambavyo Windows tupu haivitambui. Inashindwa katika mengi zaidi. Inakurudisha kwenye Windows ya miaka iliyopita yenye foleni ndefu ya masasisho. Inakurudishia programu ambazo huenda ulizifuta siku ya kwanza. Na udhaifu wake mkubwa ni kwamba inakaa ndani ya diski ileile inayodai kuiokoa, kwa hiyo diski ikifa inakufa nayo. Flashi iliyo kwenye droo haina udhaifu huo. Watengenezaji kadhaa hutoa programu ya kuihamishia nakala hiyo kwenye flashi, na iwapo wako ni mmoja wao, basi umepata kilicho bora kutoka pande zote mbili na unaweza kuifuta patisheni bila wasiwasi.

Uamuzi wangu hapa hutegemea diski. Kwenye diski ya gigabaiti 128 au 256, gigabaiti 20 ni sehemu kubwa mno ya kuachia kitu ambacho huenda kisitumike kamwe. Kwenye diski ya terabaiti moja, iache. Na ikiwa unakusudia kuiuza kompyuta, iache kwa vyovyote, maana mnunuzi ataitumia kuanza upya bila kukuuliza chochote.

Kompyuta zisizo za Windows

Kwenye Mac swali la kufuta karibu halina maana. Kwenye mfumo wa faili wa APFS, ulioingia mwaka 2017, sehemu za mfumo, za data na za uanzishaji huwa ni voliumu ndani ya chombo kimoja zinazogawana nafasi kwa kadiri ya mahitaji, kwa hiyo hakuna ukuta wa kubomoa ili upate nafasi. Kwenye Linux iliyo juu ya kompyuta ya BIOS na jedwali la GPT, kipande cha megabaiti 1 kisicho na mfumo wa faili huonekana kama takataka, kumbe ndimo GRUB inamohifadhi sehemu yake ya pili, na ukikifuta mfumo hauwaki.

Kabla na baada ya kufuta

Yeyote aliyeamua kufuta, iwe ni patisheni ya mtengenezaji au patisheni ya uokoaji iliyobaki yatima, aanze na nakala rudufu ya kazi zake nje ya diski hiyo, flashi ya usakinishaji iliyojaribiwa, na ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48 ulioandikwa mahali pengine. Kisha aandike reagentc /info katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi. Jibu litataja namba ya diski na ya patisheni inayotumika kwa uokoaji. Namba hiyo haiguswi, na nyingine yenye msimbo sawa ndiyo inayoweza kuondoka. Ndani ya diskpart ajihadhari na neno clean, ambalo halifuti patisheni iliyochaguliwa bali hufuta jedwali la diski nzima.

Baada ya kufuta, asikimbilie kupanua C. Aandike tena reagentc /info ahakikishe kwamba hali bado ni hai, kisha ashike kitufe cha Shift huku akichagua kuiwasha kompyuta upya. Ikiwa ukurasa wa uokoaji unatokea na unamruhusu kufungua dirisha la amri, nafasi aliyoipata ni yake na anaweza kuiunganisha na C. Ikiwa hautokei, nafasi hiyo bado iko wazi, na humo ndimo atakamoiunda upya patisheni aliyoifuta kimakosa.